Jina, Lakabu na Zamu: Jinsi Matoleo ya Mifumo Endeshi Yanavyotajwa katika Majaribio ya Kompyuta

1. Utangulizi

Suala la majina ni suala la zamani katika taaluma ya lugha. Wanafalsafa na wanaisimu wamekwisha kujadili kwa kirefu tofauti iliyopo baina ya jina la pekee, ambalo humshika mwenyewe popote aendapo, na cheo au maelezo, ambayo humwashiria yeyote anayestahili kuitwa hivyo kwa wakati unaohusika. Saul Kripke, katika mihadhara aliyoitoa huko Princeton mwaka 1970, aliisisitiza sana tofauti hii. Katika maisha ya kila siku tofauti yenyewe haimsumbui mtu. Barua iliyoandikwa "Kwa Mkuu wa Idara" hufunguliwa na yule anayekikalia kiti siku barua ifikapo. Barua iliyoandikwa kwa jina la mtu humfuata hata akiwa amekwisha kustaafu. Mpokea barua anajua ni ipi iliyokusudiwa, kwa sababu anaijua idara na anawajua watu wake.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha yanayotokea pale ambapo msomaji wa jina si mtu bali ni mashine isiyojua idara wala watu. Mfano utakaochunguzwa ni ule wa majina ya matoleo ya mifumo endeshi katika majaribio ya programu yanayojiendesha yenyewe. Kwa mtazamo wa kwanza huenda jambo hili likaonekana kuwa la mafundi peke yao. Lakini siku hizi kamusi, kongoo za maneno na vikagua tahajia vya Kiswahili hutengenezwa na kusahihishwa kwa programu, na programu hizo hujaribiwa katika mazingira ya aina hiyo. Kwa hiyo kosa la kutaja jina vibaya huweza kuiharibu kazi ya mwanaisimu bila yeye kujua. Isitoshe, kosa lenyewe kwa asili yake ni la kisemantiki, na mtaalamu wa lugha ana la kusema juu yake.

2. Mazingira ya majaribio

Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayosimamia kumbukumbu, diski, kibodi na mtandao wa kompyuta, na ambayo programu nyingine zote hupitia kwake kila zinapotaka kufanya kazi. Windows, macOS na Ubuntu ni mifumo ya namna hiyo. Kila mfumo hutolewa upya mara kwa mara, na kila utoaji huitwa toleo. Programu iliyofanya kazi vyema katika toleo moja huenda ikakwama katika toleo linalofuata, kwa kuwa baadhi ya vitu ilivyovitegemea vimebadilishwa au vimeondolewa.

Ili kuepukana na hatari hiyo, watungaji wa programu huandika majaribio. Kila wanapobadilisha mstari wa programu, kompyuta nyingine iliyo mbali huamshwa, huwekewa mfumo endeshi safi, huletewa programu ile, na kuipitisha katika majaribio yote. Mwishowe hutoa hukumu ya neno moja: imefaulu au imeanguka. Kazi hii yote hufanyika pasipo mtu kuisimamia. Kinachoiongoza ni faili fupi la maelekezo, na katika faili hilo mna mstari mmoja unaotaja mfumo endeshi unaotakiwa.

Mstari huo ndio kiini cha mjadala huu. Mwandishi wake huuandika mara moja, aghalabu kwa kuunakili kutoka mradi mwingine, kisha husahau kwamba upo. Mashine nayo huusoma kila siku kwa miaka mingi, na kila siku hulazimika kuuliza upya: jina hili linakiashiria kitu gani? Majina yanayoandikwa hapo yanaweza kugawanywa katika mafungu matatu: nambari, lakabu na vyeo.

3. Fungu la kwanza: nambari

Yadhaniwa kwamba nambari ndilo jina lisilo na utata. Mzungumzaji wa Kiswahili ana sababu njema ya kulitilia shaka wazo hilo, kwani anajua kuwa "saa mbili" kwake si "saa mbili" kwa mgeni anayehesabu tangu usiku wa manane. Nambari haina maana mpaka ijulikane hesabu imeanzia wapi na inakwenda kwa kanuni gani.

Mfano mzuri ni Windows. Toleo lililouzwa mwaka 2009 liliitwa Windows 7. Lakini programu inayouliza kwa ndani, "Wewe ni toleo gani?", hujibiwa 6.1. Windows 8 hujitambulisha kuwa 6.2, na Windows 8.1 kuwa 6.3. Mwaka 2015 jina la sokoni na jina la ndani yalikutana katika 10, kisha yakaachana tena mwaka 2021, maana Windows 11 ingali inajiita 10.0 na hutambulika tu kwa nambari ya ujenzi, ambayo ilianzia 22000. Kwa hiyo jaribio linalotafuta "11" katika jibu la ndani halitaiona kamwe.

Zaidi ya hayo, tangu Windows 8.1, programu ambayo haikutangaza katika maelezo yake kwamba inalifahamu toleo jipya hujibiwa kwamba toleo lililopo ni 6.2. Mfumo husema uongo kwa makusudi, na uongo huo ni wa huruma. Watengenezaji wake walijua kuwa programu nyingi za zamani zikisikia nambari zisizoitambua hukataa kufanya kazi. Kampuni ya Apple ilifuata njia iyo hiyo mwaka 2020: toleo la macOS lililoitwa 11 lilijitambulisha kwa programu za zamani kuwa 10.16, kana kwamba hesabu ya kale ilikuwa ingali ikiendelea. Hesabu yenyewe iliruka tena mwaka 2025, pale toleo la 15 lilipofuatwa na la 26, nambari iliyotokana na mwaka.

Tatizo la pili la nambari ni nukta. Mwanadamu akisoma 10.9 na 10.10 hujua kwamba la pili limekuja baada ya la kwanza, kama vile sura ya kumi, aya ya kumi, hufuata aya ya tisa. Mashine iliyoambiwa kwamba hizo ni desimali itaziona kuwa kumi na sehemu tisa kwa kumi, na kumi na sehemu moja kwa kumi. Kwa hiyo italihesabu toleo jipya kuwa la zamani. Ikiambiwa kwamba ni mfuatano wa herufi, itapata jibu lile lile, maana alama ya 1 hutangulia alama ya 9. Mac OS X ilipofikia 10.10 mwaka 2014 shida hii ilijitokeza katika programu nyingi. Hata leo, mtu akiandika 24.10 katika faili la maelekezo bila alama za kufunga na kufungua usemi, faili za namna fulani huisoma kuwa 24.1, yaani jina la toleo ambalo halijapata kuwapo. Sifuri iliyopotea ilikuwa sehemu ya jina. Haikuwa sehemu ya kiasi.

Funzo la sehemu hii ni kwamba nambari ya toleo ni nomino iliyovaa nguo za tarakimu, na yafaa ishughulikiwe kama nomino.

4. Fungu la pili: lakabu

Kwa kuwa nambari hazikai akilini kwa urahisi, watengenezaji wengi huyapa matoleo yao lakabu. Apple ilianza mwaka 2001 kwa majina ya wanyama wa jamii ya paka, na mwaka 2013 ikahamia kwenye majina ya mahali katika jimbo la California. Android ilitumia majina ya vyakula vitamu kwa mfuatano wa alfabeti, mpaka mwaka 2019 ilipoyaacha hadharani na kubakiza nambari tupu. Debian huchukua majina ya wahusika wa filamu ya vikaragosi iitwayo Toy Story, iliyotoka mwaka 1995. Desturi hiyo ilianza wakati mradi ukiongozwa na Bruce Perens, aliyekuwa akifanya kazi katika studio ya Pixar iliyoitengeneza filamu hiyo. Toleo la Debian lisilotulia kamwe huitwa sid, na sid katika filamu ni mtoto wa jirani anayevunja vitu vya kuchezea vya watoto. Jina hili limechaguliwa kwa busara: mhusika habadiliki tabia, na toleo lenyewe halipandi daraja.

Mfumo wa Ubuntu unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu mbili. Kwanza, jina lake limetoka katika lugha za Kibantu za kusini mwa Afrika na mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth, ni mtu wa Afrika Kusini. Msomaji wa Kiswahili atatambua mara moja kwamba shina la neno hilo ni lile lile la neno letu la "utu". Pili, kila toleo lake lina majina mawili kwa pamoja. Jina la nambari ni tarehe: 4.10 ni toleo la Oktoba 2004, ambalo lilikuwa la kwanza. Jina la lakabu huundwa kwa kivumishi na jina la mnyama, vyote vikianza kwa herufi moja. Lile la kwanza liliitwa Warty Warthog, yaani ngiri mwenye sugu.

Majina haya mawili hukaguana. Toleo lililotarajiwa Aprili 2006 lilichelewa mpaka Juni, na nambari yake ikawa 6.06 badala ya 6.04, kwa kuwa tarehe ilikuwa imebadilika. Lakabu yake, Dapper Drake, haikubadilika. Hapa inaonekana wazi kwamba lakabu lilikuwa jina la mradi tangu ungali tumboni, ilhali nambari lilikuwa jina la siku ya kuzaliwa.

Hata hivyo lakabu nazo zina kasoro. Herufi za Ubuntu zilifika Z mwezi Aprili 2017, na Oktoba ya mwaka huo zikaanza upya kwa A. Tangu hapo herufi N peke yake yaweza kuwa Natty Narwhal ya mwaka 2011 au Noble Numbat ya mwaka 2024. Hali hii si ngeni kwa wasomi wa Afrika Mashariki. Kwa Wanandi na Wakipsigis, majina ya rika kama Maina, Sawe na Kaplelach huzunguka na kurudi baada ya takriban karne moja; anayesimulia habari za kale hana budi kueleza ni Maina wa mzunguko upi. Debian nayo ilikuwa na matoleo matatu mfululizo, ya mwaka 2019, 2021 na 2023, yaliyoitwa buster, bullseye na bookworm. Jicho lililochoka huyachanganya kwa wepesi, na mpangilio wake hauwezi kujulikana kwa kuyatazama tu. Lakabu hukumbukwa kwa urahisi lakini haimwambii msomaji ni ipi iliyotangulia.

5. Fungu la tatu: vyeo

Fungu la tatu ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote, na ndilo linalopendwa zaidi. Huduma ya majaribio ya GitHub, kwa mfano, humruhusu mtumiaji kuandika "ubuntu-24.04", au kuandika "ubuntu-latest", yaani Ubuntu ya karibuni kabisa. Debian humruhusu kuandika "stable", yaani lile lililotulia. Majina haya hayalitaji toleo lolote. Hutaja kiti, na aliyekikalia hubadilika.

Mabadiliko hayo yana tarehe. Cheo cha "stable" katika Debian kilitoka kwa bookworm kikaenda kwa trixie mwezi Agosti 2025. Cheo cha "ubuntu-latest" kilitoka toleo la 18.04 kwenda la 20.04 baina ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021, kikaenda 22.04 mwishoni mwa 2022. Kisha, kuanzia Desemba 2024 hadi Januari 2025, kikahamia 24.04. Uhamisho huu wa mwisho ulifanywa kidogo kidogo kwa majuma kadhaa. Maana yake ni kwamba katika kipindi hicho mtu aliweza kuendesha jaribio moja mara mbili kwa siku moja, kwa jina lile lile, na kupewa mifumo miwili tofauti. Hapo jina lilikuwa limekosa hata sifa ya kuwa na kiashiriwa kimoja kwa wakati mmoja.

Jambo jingine la kuangaliwa ni maana ya neno lenyewe. Maelezo rasmi ya huduma hiyo yanaonya kwamba "ya karibuni kabisa" ni ile ya karibuni iliyotulia kati ya zile ambazo huduma yenyewe inatoa, na huenda isiwe ile ya karibuni kwa mtengenezaji. Ubuntu 24.04 ilitolewa Aprili 2024, lakini cheo kilibaki kwa 22.04 kwa miezi zaidi ya saba. Katika Docker hali ni ya ajabu zaidi: neno lile lile la "latest" ndilo jina linalochukuliwa pale mtumiaji asipotaja jina lolote, na halina uhusiano wa lazima na upya wa kitu. Kwa hiyo neno limeachana na maana yake ya kamusi na kuwa kibandiko.

Tafsiri ya Kiswahili haiondoi tatizo, bali huongeza lake. "Toleo la mwisho" huweza kueleweka kuwa halitafuatwa na jingine. "Toleo jipya" halisemi jipya kuliko lipi. "Toleo la karibuni" lina utata wa kipekee, kwa kuwa neno "karibuni" hutazama nyuma na mbele: mtu alifika karibuni, na mwingine atafika karibuni. Neno linaloelekea kufaa zaidi ni "zamu". Askari wa zamu, mwalimu wa zamu na daktari wa zamu ni watu wanaofahamika kwa kila msemaji wa Kiswahili. Hakuna anayedhani kwamba daktari wa zamu wa leo ndiye wa juzi, wala kwamba ndiye bingwa kuliko wenzake wote. Anajua tu kwamba kwa saa hizi ndiye anayepokea wagonjwa. "Toleo la zamu" ni istilahi inayotangaza kigeugeu chake yenyewe, na kwa hiyo haimdanganyi mtu.

6. Maana tatu za kuhudumia

Swali la jina haliwezi kutenganishwa na swali la muda ambao toleo litaendelea kuhudumiwa. Wanaozungumza habari hizi hutumia neno moja kwa mambo matatu yaliyo mbalimbali, na hapo ndipo mizozo mingi huanzia. Kiswahili kina maneno ya kuyatenga.

Jambo la kwanza ni kuhudumia, yaani kazi ya mtengenezaji ya kuziba nyufa za usalama na kusahihisha makosa. Matoleo ya Ubuntu ya muda mrefu, yanayotolewa kila miaka miwili, huhudumiwa hivyo kwa miaka mitano. Yale ya katikati kwa miezi tisa tu. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Jambo la pili ni kupangisha, yaani kazi ya mwenye kompyuta za majaribio ya kumpatia mtumiaji mashine yenye toleo fulani. Jambo la tatu ni kudhamini, yaani ahadi ya mtungaji wa programu kwa wasomaji na watumiaji wake kwamba kazi yake itafaa katika toleo fulani.

Muda wa mambo haya matatu haulingani. Huduma ya Ubuntu 18.04 kwa mtengenezaji iliendelea hadi mwisho wa Mei 2023, lakini GitHub iliacha kuipangisha mwezi Aprili mwaka huo. Ubuntu 20.04 nayo ilihudumiwa hadi mwisho wa Mei 2025 na kuondolewa na mpangishaji huyo katikati ya Aprili. Wakati huo huo, maktaba au shule iliyokuwa na kompyuta za toleo la 20.04 haikulazimika kuziacha, na mtungaji aliyeidhaminia programu yake alijikuta ana ahadi asiyoweza tena kuijaribu mahali alipozoea. Hata ahadi ya mtengenezaji huweza kukatizwa. CentOS 8 ilitazamiwa kuhudumiwa hadi mwaka 2029. Desemba 2020 ilitangazwa kwamba huduma itakoma mwisho wa 2021, na ikakoma.

Wapangishaji wema hawaliondoi toleo ghafula. Kabla ya siku yenyewe hupanga saa maalumu ambazo majaribio ya toleo linalostaafu huangushwa kwa makusudi, kisha hurudishwa. Lengo ni kumwamsha yule aliyeusahau mstari wake. Ni njia yenye ukali, lakini imetokana na kujua kwamba tangazo la maandishi halisomwi na mtu ambaye mashine yake ingali inafanya kazi. Hapa vilevile jina huleta tofauti. Aliyeandika jina thabiti huangushwa na kuonywa. Aliyeandika cheo huhamishwa kimya kimya.

7. Mfano wa neno "ng'ombe"

Ili ionekane kwamba jambo hili linaigusa kazi ya lugha yenyewe, na ichukuliwe kazi ya kupanga vidahizo vya kamusi. Kompyuta nyingi za jamii ya Linux hupanga maneno kwa kanuni zilizomo katika maktaba ya C ya mradi wa GNU. Toleo la 2.28 la maktaba hiyo, lililotolewa Agosti 2018, lilibadilisha kanuni hizo kwa kiasi kikubwa. Hapo awali alama za uandishi zilirukwa katika ulinganishi wa kwanza wa maneno. Tangu hapo huhesabiwa, na hutangulia herufi.

Kwa lugha nyingi badiliko hilo ni dogo. Kwa Kiswahili si dogo, kwa kuwa alama ya ritifaa si pambo katika tahajia yetu bali ni sehemu ya kuandika sauti /ŋ/. Kwa kanuni za zamani mfuatano ungekuwa hivi: ngalawa, ngamia, ng'ang'ania, ngano, ng'oa, ngoma, ng'ombe, ngome. Kwa kanuni mpya huwa hivi: ng'ang'ania, ng'oa, ng'ombe, ngalawa, ngamia, ngano, ngoma, ngome. Kila mpangilio una utetezi wake. Wa kwanza huzichanganya sauti mbili tofauti chini ya herufi zinazofanana. Wa pili huitenga sauti ya /ŋ/, lakini huiweka kabla ya nyingine kwa sababu isiyohusu fonolojia hata kidogo. Uamuzi wa kuchagua ni wa wanaleksikografia.

Sasa, Ubuntu 18.04 ilikuwa na maktaba ya 2.27, na Ubuntu 20.04 ina 2.31. Mradi wa kamusi ambao programu yake imeagizwa ipange maneno kwa kanuni za Kiswahili cha Kenya, na ambao majaribio yake yametajiwa "ubuntu-latest", ungevuka mpaka huo wakati cheo kilipohama, pasipo mtu yeyote wa mradi kugusa kitu. Kama jaribio linalinganisha orodha nzima, litaanguka, na wahusika watakesha wakitafuta kosa katika kazi yao ambayo haikubadilika. Kama jaribio linaangalia idadi ya maneno peke yake, litafaulu, na kamusi itatoka ikiwa na mpangilio ambao hakuna mhariri aliyeuamua. Hali ya pili ni mbaya zaidi ya ya kwanza. Hifadhidata nazo hazikusalimika: watumiaji wa PostgreSQL walionywa kwamba faharasa zilizojengwa kwa kanuni za zamani huweza kuharibika chini ya mpya, na kwamba hazina budi kujengwa upya. Katika faharasa iliyoharibika hivyo, neno lililomo huweza kutafutwa na kutoonekana.

8. Hitimisho

Hukumu ya jaribio ni ushahidi, na ushahidi hupimwa kwa uwezo wake wa kukaguliwa baadaye na mtu asiyekuwapo. Mhariri wa tenzi anayeandika kwamba amefuata "mswada wa kale kuliko yote", bila kutaja nambari ya mswada na maktaba unamohifadhiwa, ameandika sentensi itakayobadilika maana siku mswada wa kale zaidi utakapopatikana. Hakuna mhariri makini afanyaye hivyo. Kumbukumbu inayosema kwamba programu ilifaulu katika "toleo la karibuni kabisa" ina kasoro hiyo hiyo.

Kutokana na hayo yote, kanuni chache zaweza kupendekezwa. Kwanza, jaribio ambalo matokeo yake yatategemewa na wengine litajwe kwa jina thabiti, na jina hilo liandikwe kama neno, si kama hesabu. Pili, ijulikane kwamba hata "ubuntu-24.04" haijakamilika, kwa kuwa wapangishaji hurekebisha programu zilizomo kila juma, kwa hiyo kumbukumbu iandike pia tarehe ya nakala ya mfumo iliyotumika na toleo la maktaba ya kupanga maneno. Tatu, vyeo visitupwe. Jaribio la pili linaloendeshwa katika toleo la zamu lina faida kubwa, maana hutoa habari mapema juu ya mabadiliko yajayo. Linalotakiwa ni kwamba kuanguka kwake kuchukuliwe kuwa onyo, na kufaulu kwake kusichukuliwe kuwa ushahidi. Programu ya apt ya Debian imekwisha kuonyesha kwamba tahadhari hiyo yawezekana: ikikuta kwamba cheo cha hazina iliyozoea kimebadilika, yaweza kusimama na kudai kwamba mtumiaji akubali kwa kauli yake kabla ya kuendelea. Nne, istilahi za Kiswahili zitenge kuhudumia, kupangisha na kudhamini, na zitenge jina na zamu.

Pendekezo hili la mwisho ndilo linalowahusu zaidi wanaisimu. Istilahi za kompyuta katika Kiswahili aghalabu huundwa kwa kutafuta neno moja la kulipa neno moja la kigeni. Mfano uliochunguzwa hapa unaonyesha kwamba neno la kigeni lenyewe huenda likawa limefunika dhana tatu, au limekwisha kupoteza maana yake. Anayelitafsiri bila kuichunguza kazi linalofanya huurithi mkanganyiko wake. Anayeichunguza kwanza huenda akapata katika zamu ya askari na ya daktari neno lililo bora kuliko lile alilokuwa akilitafsiri.